Kumfuata Timothy Hackworth: Edinburgh hadi Rainhill kwa treni, basi na miguu

Timothy Hackworth, muundaji wa injini za reli za mvuke, alizaliwa Wylam, kaskazini mashariki mwa Uingereza, tarehe 22 Desemba 1786, akafa Shildon tarehe 7 Julai 1850. Kutoka Wylam hadi Shildon hata maili 40 hazifiki, na karibu kila injini aliyoiunda ilizaliwa katika eneo hilo. Vitabu vya shule vinamtaja George Stephenson, na mwanawe Robert. Hackworth hutajwa kama yule aliyeshindwa kwenye mashindano ya injini ya Rainhill mwaka 1829, basi.

Safari hii ilipangwa kufuata kitu kimoja alichokishikilia maisha yake yote: bomba la moto lililokunjwa ndani ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji. Ukilielewa bomba hilo, unaelewa kwa nini reli ya Stockton na Darlington haikurudi kwa farasi, na pia kwa nini zawadi ya Rainhill ilikwenda kwa wengine. Maelezo yametolewa kwenye daftari na picha za njiani. Saa zote ni za Kiswahili. Tiketi za kule zinaandika 09:00 panapoandikwa hapa saa tatu asubuhi.

Jumanne: Edinburgh

Anayemtafuta Hackworth aanzie Scotland, ingawa hakufanya kazi huko. Sababu ni injini iitwayo Wylam Dilly, iliyoko National Museum of Scotland, barabara ya Chambers, kama dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya Waverley. Kuingia ni bure. Ndugu yake, Puffing Billy, yuko Science Museum, London, nako ni bure. Hizo ndizo injini kongwe kabisa za reli zilizosalia duniani, zote za kati ya 1813 na 1815. Wengi huenda London. Edinburgh ina nafuu yake, kwani ndiko safari ya kushuka kusini inakoanzia.

Silinda mbili zimesimama wima, moja kila ubavu wa boila. Juu yake kuna mihimili inayopanda na kushuka, na fito ndefu zinateremka hadi kwenye magurudumu ya meno chini ya boila, ambayo ndiyo yanayozungusha magurudumu ya reli. Sasa nenda upande wa dohani uinamie. Mlango wa kutilia makaa uko hapo hapo, ubavuni mwa dohani, upande mmoja wa boila.

Hapo ndipo linapoanzia bomba lenyewe. Moto unawashwa kwenye mdomo wake, hewa ya moto inakwenda hadi mwisho wa boila, inageuka na kurudi mbele, kisha inapanda dohani. Kwa kulikunja, fundi anapata karibu maradufu ya chuma kinachogusana na maji bila kurefusha boila. Na ni kazi ambayo mhunzi wa mgodini anaiweza kwa nyundo na ribiti: mabamba ya chuma cha kufua, hakuna vibomba vyembamba vya kuvuja, na masizi yanatolewa kwa mkono. Ubaya wake ni mmoja, nao ni mkubwa. Sehemu kubwa ya joto inapita katikati ya bomba bila kugusa chuma, inatokea dohani na kupotea.

Mwaka 1822 wapiga makasia wa mashua za makaa ya mto Tyne waligoma, na Wylam Dilly ikapandishwa juu ya mashua, ikafungiwa magurudumu ya kupigia maji, ikavuta mashua nyingine. Mgomo ulipokwisha ikarudishwa relini.

*Kwa atakayefuata:* tiketi ya Edinburgh kwenda Newcastle inunuliwe mapema mtandaoni, maana bei ya siku hiyo hiyo inauma. Safari ni kama saa moja na nusu. Kaa upande wa kushoto ukielekea kusini. Bahari inakuwa dirishani kwa muda mrefu.

Jumatano: Wylam

Kutoka Newcastle treni ndogo inachukua kama dakika 20 kufika Wylam, stesheni iliyofunguliwa 1835 na ambayo bado inatumika. Ukishuka, vuka daraja la mto Tyne kuingia kijijini, halafu fuata ishara za Waggonway kuelekea mashariki. Njia ni tambarare, ya kokoto, ya waenda kwa miguu na baiskeli. Zamani ilikuwa reli ya upana wa futi 5, kwanza ya mbao, ikishusha makaa ya mawe maili tano hivi hadi Lemington, mahali mashua zilipoweza kufika.

Nyumba ya mawe aliyozaliwa George Stephenson mwaka 1781 iko pembeni mwa njia hiyo, robo saa kutoka kijijini. Hackworth alizaliwa kijiji hicho hicho miaka mitano baadaye, mwana wa John Hackworth, msimamizi wa wahunzi wa mgodi. Baba alipofariki, kijana alirithi kazi.

Mwenye mgodi, Christopher Blackett, alitaka kuachana na farasi. Swali lilikuwa: je, gurudumu laini juu ya reli laini litashika, au litazunguka pale pale huku mabehewa yakilikodolea macho? Kwanza wakatengeneza kigari cha majaribio kilichozungushwa kwa mikono ya watu waliosimama juu yake. Kikapakiwa uzito, kikafungiwa mabehewa, kikavuta. Gurudumu lilishika. William Hedley ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi, Jonathan Forster alishughulikia mitambo, na Hackworth alisimamia chuma chote. Familia za Hedley na Hackworth ziligombania sifa hiyo kwenye magazeti kwa miaka mingi. Mtu akisoma pande zote mbili anaona kwamba Hedley bila mhunzi asingepata injini, na mhunzi bila Hedley asingepewa chuma.

Shida iliyofuata ilikuwa chini ya magurudumu. Reli za wakati huo zilikuwa mabamba ya chuma cha kumimina, kigumu lakini chepesi kuvunjika, na injini ya tani nane ilikuwa ikiyavunja kila ilipopita. Dawa ikawa kuzipa injini magurudumu manane badala ya manne ili uzito ugawanyike. Reli imara zaidi zilipowekwa karibu 1830, zikarudishiwa manne, na hivyo ndivyo zinavyoonekana leo.

Hackworth aliondoka Wylam mwaka 1816. Alikuwa Mmethodisti wa kweli kweli, mhubiri, na alikataa kutengeneza mitambo siku ya Jumapili. Akahamia mgodi wa Walbottle, jirani tu, akakaa huko miaka minane.

*Kwa atakayefuata:* treni za Wylam hazipishani kwa karibu, kwa hiyo piga picha ubao wa ratiba kabla ya kuondoka stesheni. Njia nzima ya Waggonway haina choo cha uhakika. Maji na kitafunwa nunua kijijini.

Alhamisi: Newcastle

Mvua kutwa. Nyuma ya stesheni kuu, mtaa wa South, kuna majengo yaliyosalia ya Robert Stephenson and Company, kiwanda cha kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya kuunda injini za reli, kilichoanzishwa 1823. Mwaka uliofuata Robert alikuwa Amerika Kusini na George yuko mbioni kupima njia ya Liverpool na Manchester, kwa hiyo Hackworth aliazimwa kutoka Walbottle aje kusimamia. Sanamu ya George Stephenson iko dakika tano kutoka hapo. Ya Hackworth usiitafute mjini humo.

Chakula cha mchana kilikuwa stottie, mkate wa duara, mzito, wa bapa, uliojazwa uji mzito wa njegere kavu za njano. Kwa kawaida hutiwa na nyama ya nguruwe, hivyo asiyekula aseme mapema. Muuzaji aliongeza njegere bila kuongeza bei. Pauni 4 na chenji, na njaa haikurudi hadi usiku.

Treni ya Darlington ilikwenda vizuri, nusu saa tu. Ile ya kuunganisha kwenda Shildon ilifutwa ubaoni dakika chache kabla ya kuondoka. Basi lipo: nauli ya safari moja haizidi pauni 3 kwenye mabasi mengi ya Uingereza tangu Januari 2025. Dereva alipoona mizigo na watu wanaochungulia dirishani kila kituo, alipaza sauti mwenyewe pa kushukia.

Ijumaa: Shildon

Hapa ndipo penye uzito wa safari.

Tarehe 13 Mei 1825 kampuni ya reli ya Stockton na Darlington ilimwajiri Hackworth awe msimamizi wa injini zote, zinazotembea na zilizosimikwa. Mshahara pauni 150 kwa mwaka, pamoja na nyumba na makaa. Reli ikafunguliwa tarehe 27 Septemba mwaka huo huo, kwa shangwe na bendi, injini iitwayo Locomotion ikivuta. Sherehe ikaisha, matatizo yakaanza. Magurudumu yalikuwa yakipasuka, mvuke haukutosha, injini zikikaa karakana kuliko njiani. Wakati huo huo wakandarasi wa farasi walikuwa wakitumia reli ile ile, tena bila kulala karakana. Baadhi ya wakurugenzi walianza kuhesabu gharama na kuona farasi si haba.

Makumbusho ya Locomotion yako hatua chache kutoka stesheni ya Shildon. Kuingia ni bure. Tenga saa nne, na uangalie siku za kufunguliwa kwenye tovuti kabla ya kufunga safari, kwani hubadilika kwa msimu. Locomotion yenyewe ilihamishiwa hapa kutoka Darlington mwaka 2021.

Ukiifikia, usianze na boila. Chuchumaa utazame magurudumu. Hayana spoku, ni sahani nene yenye matundu, na ukifuatisha kidole hewani utaona mduara wa mshono kati ya kitovu na sehemu ya nje. Gurudumu ni vipande viwili. Gurudumu kubwa likimiminwa kipande kimoja, sehemu nyembamba hupoa upesi kuliko sehemu nene, chuma kinajivuta, na ufa unabaki humo ndani ukisubiri mtikisiko wa kwanza. Isitoshe, mashine ya kukerezea ya Shildon haikuweza kubeba gurudumu zima. Hackworth akamimina kitovu peke yake na duara la nje peke yake, akavipachika kimoja ndani ya kingine, akaziba nafasi kwa vigingi vya mbao na kabari za chuma, kisha akavisha tairi la chuma cha kufua likiwa la moto ili likipoa libane. Tairi likiisha linabadilishwa. Duara likipasuka, kitovu na ekseli vinabaki salama. Sura yake si ya kuvutia, lakini yaliacha kuvunjika.

Mwaka 1827 alipewa boila ya injini iliyoshindwa kazi, iliyoundwa na Robert Wilson wa Newcastle, ajaribu bahati yake. Akatoka na Royal George. Urefu wa boila futi 13, magurudumu sita yote yameunganishwa kwa fimbo ili yote yasukume, silinda mbili wima za inchi 11 zikisukuma moja kwa moja ekseli ya mwisho. Ndani, bomba la Wylam limekunjwa vile vile. Na mvuke uliokwisha kazi aliuelekeza juu ya dohani kupitia mdomo mwembamba uliowekwa katikati kabisa. Richard Trevithick, muundaji wa injini aliyemtangulia, alikuwa ameshaona tangu 1804 kwamba mvuke ukitolewa dohani moto unawaka zaidi. Alichofanya Hackworth ni kuubana mdomo na kuulenga, hata kila pigo la pistoni likawa mvuo wa mhunzi kwa moto. Injini inayovuta mzigo mkubwa inapiga kwa nguvu zaidi, hivyo inajipulizia moto zaidi. Wakurugenzi waliyataka matokeo hayo: mabehewa mengi, kila siku, kwa gharama ya chini ya farasi. Hoja ya kurudi nyuma ikafa.

Mpangilio huo una vituko vyake. Kwa kuwa mlango wa moto uko upande wa dohani na silinda ziko upande wa pili, mtia makaa anasimama mbele na dereva nyuma, na injini inahitaji mabehewa mawili ya akiba: la makaa upande huu, la maji upande ule. Wawili hao hawasikilizani kwa kelele.

Royal George haikuhifadhiwa. Iliyopo ni Sans Pareil ya 1829, injini aliyoipeleka Rainhill, ya asili, na nakala yake iliyoundwa kwa ajili ya miaka 150 ya Rainhill. Mzee mmoja wa kujitolea, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha mabehewa cha Shildon kabla hakijafungwa 1984, alileta tochi bila kuombwa na kumulika ndani ya mdomo wa moto. Kwa mwanga huo kona ya bomba inaonekana.

Jumamosi: makaburi na Brusselton

Soho House, nyumba ya Hackworth, iko ndani ya eneo la makumbusho. Karakana yake binafsi, Soho Works, ilianza 1833, alipobadilisha mkataba na kuwa mkandarasi huku akiunda injini za kuuza. Mwaka 1836 injini moja ilipelekwa Urusi kwa ajili ya reli ya Tsarskoye Selo, ikisindikizwa na mwanawe John Wesley Hackworth, kijana ambaye hajatimiza hata miaka 20. Mwaka 1838 zikatoka nyingine tatu kwenda migodi ya Nova Scotia, Kanada. Moja, Samson, bado iko kwenye makumbusho ya Stellarton. Ni miaka tisa baada ya Rainhill, na bado mlango wa moto uko upande wa dohani. Hapo unaweza kusema ni ukaidi. Lakini mgodi wa Nova Scotia ulitaka injini inayokwenda polepole, inayovuta vizito, inayoweza kutengenezwa na mhunzi aliyeko maelfu ya maili kutoka kiwandani. Kwa mteja huyo bomba moja nene lilikuwa jibu sahihi.

Kaburi lake liko uani mwa kanisa la St John, mjini, umbali wa kutembea.

Mchana, Brusselton. Ni mlima ambao injini za wakati ule hazikuuweza, hivyo mabehewa yalivutwa kwa kamba na mtambo wa mvuke uliosimikwa kileleni, nao ukiwa chini ya Hackworth. Njia ya miguu inapita juu ya tuta lenyewe. Mawe ya kushikilia reli bado yamo ardhini, kila moja na matundu mawili ya misumari. Nyasi zimeyafunika kiasi cha kupitwa. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alirudi nyuma mita mia nzima kuonyesha yalipoanzia.

*Kwa atakayefuata:* viatu vya kushika tope. Hakuna duka njiani.

Jumapili: Heighington na Darlington

Treni za Jumapili ni chache, kwa hiyo Heighington ilionekana kwa dakika chache tu. Hapa ndipo Locomotion ilipowekwa relini 1825 baada ya kuletwa kutoka Newcastle kwa magari ya farasi. Hapa pia ndipo boila yake ilipolipuka tarehe 1 Julai 1828, ikamuua dereva. Madereva wa siku hizo walikuwa na tabia ya kukandamiza valvu ya usalama injini ikisimama, ili mvuke usipotee. Hackworth alikuja na valvu za springi, ngumu zaidi kuchezewa kuliko zile za uzito wa kuning'inia.

Darlington, daraja la mto Skerne, la 1825, bado linapitisha treni. Lilikuwa kwenye noti ya pauni 5 pamoja na Stephenson hadi ilipoondolewa. Jioni parmo, kifua cha kuku kilichopondwa, kikapakwa chenga za mkate, kikakaangwa na kufunikwa mchuzi mweupe na jibini. Agiza nusu. Nzima ni ya watu wawili.

Jumatatu: Rainhill

Kuvuka nchi hadi Liverpool ni saa tatu na ushee, halafu treni ndogo inarudi mashariki hadi Rainhill. Tulichelewa kuunganisha York, tusiyasimulie.

Mashindano ya Oktoba 1829 yalikuwa na zawadi ya pauni 500. Masharti yalikuwa wazi. Injini ya magurudumu manne isizidi tani 4 na nusu, iwe na springi, ivute mara tatu ya uzito wake, ikipita na kurudi kwenye kipande kilekile hadi umbali ulingane na safari ya Liverpool hadi Manchester na kurudi. Sans Pareil ilizidi uzito, na haikuwa na springi, kwani silinda wima zinazosukuma ekseli moja kwa moja haziruhusu ekseli hiyo kuyumba. Majaji waliiachia ikimbie hata hivyo.

Ilikwenda vizuri hadi mzunguko wa nane. Pampu ya maji ikakwama, maji yakashuka ndani ya boila, kizibo cha madini ya risasi kikayeyuka kama kilivyokusudiwa, mvuke ukazima moto. Familia ilishikilia kwamba silinda mojawapo, iliyomiminwa kwenye kiwanda cha Stephenson, ilipasuka. Ripoti ya majaji inataja pampu. Hata vyote viwili vingekuwa salama, Rocket, injini ya akina Stephenson iliyoshinda, ilikuwa na vibomba 25 vya inchi 3 badala ya bomba moja nene, kwa hiyo ilichemsha maji kwa koka (makaa ya mawe yaliyookwa) kidogo zaidi, huku mpulizo mkali wa Hackworth ukirusha koka yake hewani kabla haijaungua. Mpulizo ule ule uliookoa Shildon ulikuwa mkali mno kwa boila fupi ya futi 6.

Injini kubwa za mvuke za Garratt za daraja la 59 zilizotoka Manchester kwenda Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956 zilikuwa na vibomba vingi kama Rocket. Lakini moto wake ulipulizwa kwa mvuke uliolengwa katikati ya dohani, na magurudumu yake yaliunganishwa kwa fimbo kama ya Royal George. Anayetaka kuhakikisha aende Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Stesheni ya Rainhill ina daraja la mawe lililokatiza reli kwa mshazari, la wakati wa ujenzi wa njia. Simama juu yake utazame mashariki na magharibi. Treni za umeme zinapita chini yake. Sans Pareil iliuzwa, ikafanya kazi kwenye reli ya Bolton na Leigh hadi 1844, halafu ikasimikwa mgodini Coppull hadi 1863 ikizungusha mitambo. Treni ya kurudi Liverpool hupatikana hadi usiku. Mkahawa wa karibu hufunga saa kumi jioni.